Nani Kaweka Pistoni Kwenye Kabati la Vikombe?

Wenzangu hapa Northampton wanalalamika kwamba waume zao hawashindi nyumbani. Wangu anashinda. Anashinda na injini.

Ni ya MGB, kigari cha wazi cha watu wawili kilichotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Magari hayo, ya kila aina, yalitoka zaidi ya 500,000, na katika yote hayo mume wangu akaliona lililonoki. "Bei ya kutupa, mama watoto," aliniambia. Neno bei sijalisikia tena mdomoni mwake.

Gereji ina baridi, kwa hiyo injini imeshushwa kule lakini inaishi huku. Bloku, namshukuru Mungu, halibebeki na mtu mmoja. Vingine vyote vinabebeka. Pistoni nne zimepangwa na vikombe vya wageni, kila moja na namba yake, maana lazima irudi kwenye silinda ilikotoka. Valvu nane zimechomekwa kwenye kadibodi sebuleni, na ole wake mtoto atakayezigusa. Kabureta, ambazo bila shaka ni mbili, zimelowekwa kwenye sufuria yangu ya pilau. Nikauliza kwa nini hiyo. Eti ni pana. Mimi sijui kama ni pana?

Halafu spana. Anazo za milimita sanduku zima, hazifai: gari hili ni la inchi. Basi nunua za inchi. Nazo hazitoshi, kwa sababu boliti nyingi za injini zina meno ya kipimo kimoja, ukifika kwenye kabureta unakuta ya kizamani zaidi, na kwenye umeme skrubu ndogo zina kipimo chao. Waingereza hawa ndio waliotawala robo ya dunia! Kila spana inakuja kwa posta, na mleta barua siku hizi ananisalimia kwa sauti ya pole.

Usiku naelezwa kwamba nafasi ya valvu iwe 15 kwa elfu ya inchi, injini ikiwa baridi. Mtu wa kupima elfu ya inchi, na picha ya marehemu mama yangu pale ukutani imepinda tangu aitundike yeye.

Lakini lililonichosha ni oili. Krankishafti za MGB za mwanzo zilikaa kwenye beringi tatu. Mwishoni mwa 1964 wakaziongeza kuwa tano. Letu ni la beringi tatu. Na huko nyuma halina sili ya mpira, lina mfereji uliochongwa kwa mzunguko kwenye shafti, unaorudisha oili ndani shafti inapozunguka. Ikisimama?

"Itadondoka kidogo," akasema.

"Hata baada ya kazi yote hii?"

"Ndivyo lilivyoundwa, mama watoto," akajibu, kifua mbele, kama kaliunda yeye.

Sasa anatafuta trei ya kutega chini yake. Ile yangu ya mikate nimeifungia kabatini, ufunguo ninao kwenye pindo la khanga.