Inchaji Hana Chaji

Watoto wa kidato cha kwanza hutufikia Januari, mvua ikiipiga Mdandu, mkoani Njombe, na matope ya njiani kwenye viatu. Miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, ghafla karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Lakini neno "charge" wanakuja nalo kutoka nyumbani. Nani asiyejua chaji? Simu ikizima, unaipeleka kibandani kuchajisha.

Tabu ilianza na sentensi ya zoezi: "The nurse in charge is absent." Kijana wa dawati la nyuma akasimama, akajikohoza: "Nesi aliyewekwa kwenye chaji hayupo."

Wakacheka, ila binti mmoja akamtetea. "Madamu, hata zahanati yetu ina inchaji. Mama anasema kila saa amechoka."

Nikaandika ubaoni "free of charge". Darasa zima kwa sauti moja: simu imezima! Kusema kweli, ndivyo inavyosomeka. Nilipofika kwenye "charge sheet" ya polisi, mmoja akauliza kama ni shuka la mahabusu. Chaji hasi na chanya nikamwachia mwalimu wa fizikia abebe msalaba wake.

Basi nikaenda kwenye shina. Waingereza walilitoa neno hilo kwa Wafaransa, nao wakalirithi kutoka Kilatini, ambako lilimaanisha kupakia mzigo kwenye mkokoteni. Simu unaipakia umeme, mtuhumiwa anabebeshwa shtaka, nesi kabebeshwa zahanati, mnunuzi anabebeshwa bei. Hapo nyuso zikafunguka. Mkoa wa Njombe nani wa kufundishwa kupakia? Viazi vinashindiliwa guniani, juu panashonewa nyongeza hadi gunia linaota kichwa, ndiyo lumbesa hiyo, kisha fuso inashuka nazo Makambako kuishika barabara kuu ya Dar es Salaam. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Gunia halisomi sheria.

"Kwa hiyo, Madamu, lumbesa ni overcharge?" Yule yule wa dawati la nyuma.

Nikamwambia overcharge ni mtu kutozwa kupita bei halali. Akatazama dari kidogo, kama anayepiga hesabu ya shamba la kwao.

"Sasa mnunuzi anamlipa baba gunia moja tu. Basi gunia limebebeshwa overcharge, na yale madebe ya juu yameenda free of charge."

Nikamwekea vema.