Sifa za Hiace ya Mlimani

Wajapani wana mlima wao wenye theluji, Fuji, na chini yake wamejenga uwanja mkubwa wa burudani za kutisha uitwao Fuji-Q Highland. Watu hutoka pembe zote za dunia, hulipa pesa nene, hupanga foleni mpaka miguu iote mizizi, ili tu wafungwe kwenye rola kosta, wavutwe juu ya reli hadi karibu na mawingu, kisha waachiwe waporomoke huku wakiwaita mama zao. Rola kosta yao iitwayo Fujiyama ilipofunguliwa mwaka 1996 ilikuwa ndefu kuliko zote duniani kwa kwenda juu: mita 79. Nawapongeza kwa bidii. Lakini mlima wao una mita 3,776 na wetu, Kilimanjaro, una 5,895, na tofauti hiyo haiishii kwenye vilele. Burudani hiyo sisi tunayo kila siku ya Mungu, haina kiingilio, ina nauli, na jina lake ni Hiace ya mlimani.

Nataka niisifu kwa sababu hakuna anayeisifu. Mlima umeimbwa. Kahawa imeandikiwa vitabu, mtori umepata heshima yake, mji wa Moshi unatajwa kwa usafi, hata ubahili wa Mchaga una watani wake wa kudumu. Lakini chombo kinachowapandisha watu Kibosho, Uru, Machame, Marangu na Mwika hutajwa kwa matusi tu, tena na watu ambao kesho asubuhi watakipanda tena.

Tuanze na foleni, maana kwenye viwanja vya wenzetu foleni ndiyo shida inayolalamikiwa kuliko zote. Unasimama juani saa nzima na ushei kwa ajili ya mchezo wa dakika mbili tatu. Stendi ya Moshi tatizo hilo lilitatuliwa zamani: foleni unaipanga ukiwa umeketi ndani ya gari lenyewe, injini inanguruma, na konda anaapa kwamba amebakiza mtu mmoja. Ukichungulia utawaona abiria watano wametulia kwenye siti zao, mmoja hata ana mfuko mapajani. Usifurahi. Hao ni wapiga debe, wamewekwa hapo ili gari lionekane limejaa, na kila akiingia abiria wa kweli mmoja wao anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje. Dereva naye anakanyaga mafuta, gari linasogea hatua nne, moyo wako unaruka, kisha linarudi nyuma hatua tano. Mbele tena, nyuma tena. Hapo hujatoka stendi na tayari umeshapanda na kushuka kihisia mara kadhaa bila nyongeza ya nauli.

Kwenye rola kosta kila kiti kina mtu wake, na chuma kinashuka kumbana kifuani. Nimejiuliza kwa nini chuma. Sisi tunabanwa na watu. Benchi lililotengenezwa kwa ajili ya watatu linakaa wanne, katikati kuna siti ya kukunja, nyuma ya dereva kuna kibenchi cha wale wanaosafiri wakiwatazama wenzao usoni, na hapo umebanwa kiasi kwamba gari likipinduka, nadhani, itachukua muda abiria kutambua. Mkanda? Mkanda upo, umefungwa fundo nyuma ya kiti tangu gari lilipotoka Japani. Maana hata hili ni la Mjapani: mlangoni bado kuna maandishi ya kwao, na huenda maisha yake ya kwanza yalikuwa kupeleka watoto chekechea, taratibu, wote wameketi. Likazeeka. Likaletwa Kilimanjaro kuanza ujana.

Kwenye viwanja vya wenzetu kuna ubao unaopima urefu wa mtoto, na asiyefika kimo haingii. Ubaguzi huu kwetu haupo. Mtoto wa siku arobaini anapanda, bibi wa miaka tisini anapanda, mjamzito wa mwezi wa tisa anayekwenda kliniki anapanda, na mgonjwa wa mgongo anayekwenda hospitali ya KCMC anapanda ili mgongo ufike ukiwa na jambo jipya la kumweleza daktari. Wa kupakatwa halipi. Kuku halipi, mradi asiongee sana. Mkungu wa ndizi ndio wenye mgogoro, na mgogoro huo ni sehemu ya burudani.

"Bibi, huo mkungu una nauli yake."

"Mjukuu wangu, nionyeshe kiti kilichokaliwa na mkungu, nikulipe."

"Si uko juu ya miguu ya abiria?"

"Basi walipwe wenye miguu."

Gari zima lilicheka, konda naye akashindwa, akasema, "Haya, aika mae," yaani asante mama, akageukia mlangoni. Mwenye miguu nilikuwa mimi. Sijalipwa.

Watu wengi hawajui kwamba rola kosta ya kawaida haina injini. Mnyororo huivuta mpaka kileleni, kisha huiachia, na kuanzia hapo kila kitu ni uzito wake yenyewe. Dereva wa mlimani aliitambua kanuni hiyo bila kufungua kitabu cha fizikia. Akiwa anashuka kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo, analitia gari nyutro ili abane mafuta, na tangu hapo tunakwenda kwa uzito wetu: sisi, mikungu, magunia, na mama mmoja mnene aliyekaa mbele ambaye kila akiegemea kona huiegemea pamoja nasi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Upepo unapiga vioo, breki zinatoa harufu, redio inahubiri. Kisha yanakuja yale matuta madogo ya mfululizo yaitwayo rasta, na meno yako yanapokezana salamu. Baada ya rasta huja tuta kubwa. Dereva analijua, analipita kila siku, lakini huwa analisahau mpaka limfikie. Abiria wa siti ya nyuma hapo wanaelea. Wahandisi wa Fuji-Q hukesha wakipiga hesabu za kuwapa watu sekunde moja ya kuelea namna hiyo; kwetu imetolewa na lundo la lami na usahaulifu wa mtu mmoja.

Kwenda juu ni hadithi nyingine. Moshi mjini uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na lango la hifadhi pale Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Piga hesabu: ni zaidi ya rola kosta kumi kama Fujiyama zikisimamishwa moja juu ya nyingine. Mwaka 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson alipofungua kigari chake cha kwanza pale Coney Island, New York, alitoza senti tano, na kilikwenda kama kilomita kumi kwa saa. Watu walikipenda sana. Hiace iliyojaa ikiupandisha mwinuko wa Kibosho kwa gia namba moja haimzidi Thompson kwa mengi. Wenye kwenda sokoni kwa miguu hutupita na kutusalimia. Lakini mwendo huo una uhondo wake. Unaona migomba, chini yake kahawa, mfereji wa maji ukipita kando ya kihamba, na ukigeuza shingo, kama jasho la jirani halijafunga kioo, utaona chini kabisa mashamba ya miwa ya TPC na bwawa la Nyumba ya Mungu likimeta. Kisha gari linagoma. Linaanza kurudi nyuma pole pole, na konda anaruka na jiwe lake la kukingia tairi. Jiwe hilo husafiri naye mlangoni, limelainika kwa kazi, na sijawahi kumsikia abiria akiuliza itakuwaje siku likisahaulika stendi.

Viwanja vya wenzetu vina mzigo wa kubuni mitambo mipya, maana watu huchoka na ya zamani. Fuji-Q mwaka 2011 ilibidi walete nyingine, Takabisha, yenye mteremko uliopinda kuingia ndani kwa nyuzi 121. Sisi tunasubiri masika tu. Kuanzia mwezi wa tatu barabara za udongo za juu hubadilika zenyewe: gari linakwenda ubavu, pua imeelekea kanisani na matako yameelekea korongoni, abiria wanaimba mapambio ambayo hawakuyakumbuka kiangazi chote. Konda anatangaza wanaume washuke wasukume. Mnashuka, mnasukuma, mnarushiwa tope la kutosha kukandika nyumba, na likishanasuka linakimbia hadi penye nafuu, mnalifuata kwa miguu mlima mzima. Nauli ni ile ile. Nani mwingine duniani huwaruhusu wateja kushiriki kuendesha mtambo?

Na burudani ya kujificha nimeiacha. Gari likikaribia sehemu ambayo trafiki hupenda kusimama, konda hunong'ona, "Inameni, inameni," na waliosimama wote, wazee kwa vijana, mwalimu na mwanafunzi wake, huchuchumaa kwa pamoja. Kimya kinatanda. Siku moja mtu mwenye suti aliyekuwa akienda mazishini alichuchumaa mbele ya dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, lililozibwa kwa jani la mgomba. Mbege haipendi matuta, huendelea kuchemka hata ikiwa safarini, na siku hiyo ilichagua wakati ule wa kimya kutema jani na kumimina povu kwenye kiatu chake. Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa zaidi, trafiki akatupungia mkono tupite, na gari zima likamshukuru kwa uzalendo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wakosoaji hulishikilia: usalama. Ni kweli, rola kosta hukaguliwa kabla ya kufunguliwa asubuhi, huzungushwa tupu kwanza, na fundi akisikia mlio asiouelewa huifunga. Hofu ya mle ndani ni ya kununua. Mtu anapiga kelele akijua chai ataikuta. Tena wenzetu ni wepesi wa kukata tamaa. Fuji-Q walikuwa na moja iitwayo Do-Dodonpa, iliyotoka kusimama hadi kilomita 180 kwa saa kwa sekunde 1.56. Mwaka 2021 abiria kadhaa wakalalamika kuvunjika mifupa ya shingo na mgongo. Mtambo ukasimamishwa mwaka huo huo, na mwaka 2024 wakatangaza kwamba hautarudi tena. Mtambo mzima! Kwetu sisi barabara ikila gari, watu huzika, hutoa rambirambi, na kesho yake alfajiri njia ile ile huitwa stendi kwa sauti ile ile: "Marangu, Mtoni, Mtoni, Mtoni, mmoja tu!" Ukaguzi wetu hufanywa na abiria mwenyewe, kwa ishara ya msalaba au kwa bismillahi, anapoweka mguu mlangoni. Hofu yetu ni halisi, haijachanganywa na kitu, ndiyo maana hatupigi kelele.

Na hapo ndipo ubora wa Hiace unapowaacha wenzake mbali. Mpanda rola kosta anaweza kuamua asipande. Anaweza kukaa kwenye benchi ale barafu awapungie wanawe. Mama wa Uru mwenye ndizi za kuuza soko la Mbuyuni hana benchi hilo, wala mwanafunzi aliyeachwa na magari matatu kwa sababu nauli yake ni nusu. Hakuna uwanja wa burudani duniani wenye wateja waaminifu kiasi hicho.

Watalii wanaokuja kupanda kilele cha Kibo wanapitishwa njia hizo hizo ndani ya Land Cruiser zenye viti vya ngozi, wakiwa wamelala. Wanaamka getini na kuanza kile wanachokiita changamoto. Mjerumani Hans Meyer naye anaheshimiwa kwa kufika kileleni mwaka 1889, na siwezi kumnyang'anya heshima yake, ila izingatiwe kwamba toka pwani mpaka Marangu alitembea kwa miguu. Hakupanda Hiace. Kama angepanda, kilele angekiona ni mapumziko.

Desemba ndio msimu mkuu. Wachaga wa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma wanarudi nyumbani, wengine kwa treni iliyofufuliwa mwaka 2019, na kila mmoja ana mizigo, shemeji na mipango ya ujenzi. Mwezi huo siti ya wanne huwa ya watano, na nauli huongezwa kwa maelezo kwamba ni sikukuu. Wenye magari yao hujaza barabara kwa kiburi cha mji, wanakutana na Hiace kwenye kona ya Mwika, na hapo hujifunza upya nani mwenye mlima.

Kwa msomaji atakayetaka kujionea: nenda stendi ya Moshi asubuhi na mapema, kabla jua halijachemsha mabati. Vaa viatu vya kufunga. Shika pesa kamili mkononi, kwa sababu ukitoa noti kubwa chenji utaipata ukishafika, au utaikumbuka ukishafika. Usikae siti ya nyuma kama wewe ni mrefu, usikae kibenchi cha nyuma ya dereva kama una aibu, na siti ya kukunja ya mlangoni waachie vijana, maana anayeikalia hushuka kila kituo kuwapisha wengine. Ukifika kwako gonga bodi, useme "Shusha!" kwa sauti, mapema, mita mia moja kabla. Breki zinahitaji taarifa.