Kundi Limechangamka

Mwaka 2022 WhatsApp ilipandisha ukomo wa kundi kutoka watu 256 hadi 1,024, maadmini wetu wakashangilia, kana kwamba shida ilikuwa nafasi. Sasa mamia wanasoma na wawili wanaandika, mmoja wao akiwa admini mwenyewe, na "Asubuhi njema wapendwa" yake yenye waridi na njiwa.

Wajuzi wanashauri maswali ya kila Jumatatu, kura, zawadi ndogondogo. Mweka hazina wa kamati ya harusi hana haja na hayo. Yeye hubandika orodha ya michango na "kusahau" kumwekea tiki shangazi mmoja aliyekwisha kulipa. Papo hapo shangazi analeta picha ya muamala, mjomba anauliza vikao vimekula shilingi ngapi, na binamu aliyenyamazisha kundi tangu alipoongezwa anaandika aya tatu, tena zenye nukta na mikato. Kundi gani litachangamka zaidi ya hapo?

Wadaiwa halisi tu ndio hawasikiki. Ujumbe wameuona, tiki za buluu zinawashuhudia, ila kwao, eti, mtandao unasumbua.