Sifa za Baridi ya Kabini

Watu wa Dar es Salaam hulipia umeme wa kiyoyozi ili wapate usingizi. Mimi, kule Tukuyu, nilipata baridi ya bure usiku sita mfululizo, ndani ya kabini ya Fuso, tukisubiri ndizi za kupakia. Mvua ndiyo iliyochelewesha mzigo. Mvua ya Julai! Kwingine nchini mwezi huo ni vumbi tupu, lakini Rungwe haifuati kalenda ya wenzake.

Baridi hii imetukanwa sana na madereva, nami sijasikia wakili wake hata mmoja. Acha nisimame mimi.

Ni baridi yenye adabu, haivamii mtu. Saa mbili usiku inabisha hodi kwenye vidole vya miguu, saa tano inapanda magotini taratibu kama fundi anayepima suruali, na kufika saa tisa imeshakujua kuliko mkeo. Kisha ni mwalimu. Utingo wangu, kijana wa Mbagala, alipanda gari na kaptula na kandambili, akiniita “suka” kwa dharau. Usiku wa pili tuligawana blanketi. Usiku wa tatu akaniita “baba”.

Pumzi zetu wawili zilipanda zikagota kwenye dari la chuma, zikageuka matone. Tone moja lilikuwa limechagua makazi: sikio langu la kushoto. Nikageuza kichwa upande wa miguu, nalo likahama. Utingo akapendekeza tuwashe jiko la mkaa humo ndani na kufunga vioo. Nikamkatalia, maana ule moshi usioonekana wala kunuka unaua mtu akiwa usingizini. Baridi haina hila hiyo. Yenyewe hata usingizi wenyewe haikupi.

Jirani yetu lilikuwa lori la parachichi za kwenda ng'ambo. Kontena lake la friji lilinguruma usiku kucha, likichoma mafuta ili matunda yakae kwenye nyuzi 5 au 6. Hatua kumi pembeni, sisi tulikuwa tunapewa karibu hiyohiyo bila kudaiwa senti. Parachichi likitunzwa hivyo linavuka bahari wiki kadhaa bila kuiva. Mimi nina miaka 52 na watu hunidhania 40. Fanyeni hesabu wenyewe.

Najua wenye wivu watasema baridi iko Isongole, pale barabara ya kwenda Uyole inapopita juu ya mita 2,000, au Kitulo, ambako asubuhi za Juni nyasi huamka nyeupe kwa jalidi. Sibishi. Lakini hiyo ni baridi kavu, ya kula bila mchuzi. Ya Tukuyu imelowekwa kwanza kwenye ukungu wa Mlima Rungwe, ndiyo maana inaingia hadi kwenye soksi zilizo ndani ya begi.

Eti Ulaya na Marekani wapo wanaonunua gari lenye kitanda, jiko na choo, wakaenda kukaa nalo kwenye theluji kwa hiari yao. Nawaamini, maana koti lao nililinunua mimi sokoni Tukuyu, mtumba wa daraja la kwanza. Mkononi lina kimfuko cha kuwekea tiketi ya kupandia milima ya theluji. Mimi natia humo risiti ya ushuru wa mazao.

Asubuhi ya siku ya saba, ndizi zikiwa zinakuja, mama muuza chai aligonga mlango wa kabini. “Mugonile?” Ndiyo salamu yao Wanyakyusa ya asubuhi, na ukiifuata neno kwa neno anakuuliza kama mmelala. Utingo, meno yakigongana, akatoa neno pekee la Kinyakyusa alilolijua: “Ndaga.” Asante.

Mama akamtazama zile kandambili, akamjazia kikombe cha pili, tangawizi tele, na hakumdai.