Yah: Ombi la konda kwa kila waya wa monita

Kwa Waheshimiwa watunga viwango vya HDMI, USB na DisplayPort,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wateja wenu watiifu, tunaoandika tukiwa magotini chini ya meza, tunawasalimu na kuwapongeza. VGA ya mwaka 1987 ilikuwa na pini 15 na skrubu mbili. Ukiikaza, picha inatoka. Udhaifu huo mmeurekebisha. Leo waya wa USB-C unaingia juu chini, chini juu, bila ubishi wowote, kisha monita inakaa giza, maana huo ni wa kuchaji tu. Pacha wake anayebeba picha yuko dukani, kichwa kilekile, sura ileile.

Kwa unyenyekevu tunaomba kila waya upewe konda.

Daladala ya Mbagala imeandikwa Mbagala usoni, na bado mlangoni yupo mtu wa kutangaza inakokwenda. Konda wetu asiwe mkubwa: atoshe kuning'inia kwenye kichwa cha waya kwa mkono mmoja, wa pili ukigonga bodi. Sare avae. Tukinyoosha tu mkono kwenye rafu, aanze: "4K sitini! Sitini, sitini, picha na sauti, twende!" Wa chaji naye awe mkweli: "Chaji tu hii, mama, ya picha iko nyuma!" Kwenye tundu la HDMI 1.4 asimame konda mzee, atuonye mapema kwamba 4K anafika, ila kwa picha 30 kwa sekunde, mwenye haraka ashuke. Atakayekatisha ruti arudishe nauli, na turuhusiwe kumtukana palepale.

Pia adapta za DisplayPort kwenda HDMI zifundishwe njia ya kurudi. Micro HDMI ifutwe. Mwenye DVI asichekwe.

Tungeishia hapo kwa heshima, lakini mwaka 2021 wenye HDMI walithibitisha kwamba 2.0 haipo tena. Kifaa chenye uwezo uleule wa 2.0 sasa kinaweza kuuzwa kwa jina la 2.1, kwa kuwa mapya yote ya 2.1 ni hiari. USB 3.0 ya mwaka 2008 nayo ikaitwa 3.1 Gen 1, halafu 3.2 Gen 1, kasi ikibaki gigabiti 5 zilezile kwa sekunde. Mtu akibadilisha namba za gari mtaani kwetu analala ndani. Ninyi mnabadilisha na kuita maendeleo, na anayelipa ni kijana aliyekopa kwenye kikoba anunue monita ya hezi 144, akabaki na 60, akirudi dukani anaambiwa boksi lilishafunguliwa. Mnajua, na mnaona sawa. Jambo hilo kwetu lina jina lake, na jina hilo si kiwango.

Mtuwie radhi, waheshimiwa. Damu imepanda kwa sababu ya kuinama.

Tunatanguliza shukrani kwa konda wa kwanza mtakayemleta, hata akiwa wa majaribio.

Wenu watiifu,
Wenye droo za waya

Nakala: Muuzaji aliyetuambia, "Hii inaingia kote, bosi." Alisema kweli. Imeingia kote.