Risala kwa Kamba

Tangu niajiriwe nimesikia risala zikisomwa kwa wakurugenzi, kwa wadhamini, kwa mgeni rasmi aliyefika saa nane kwenye shughuli ya saa tatu, na mara moja kwa jenereta jipya. Sijasikia hata moja ikisomwa kwa kamba. Nimeona niisome mimi.

Sisemi kamba wa kwenye sahani, ingawa naye atajitokeza mbele na kuleta hasara. Nasema kamba ya kuvutana, ile inayotolewa kwenye gari jioni ya siku ya pili ya mkutano wa wafanyakazi, projekta imezimwa, mwezeshaji kashalipwa, na watu wanatafuta kisingizio cha kwenda kuogelea. Wenye vyeti vya kuendesha watu huidharau. Wanasema ni mchezo wa Mei Mosi, hauna ubunifu. Ni kweli hauna, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza.

Tuanze na nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla ya kuulizwa ni wa kwa nani. Upande wa mama, kamba ni ya mnazi. Makumbi hufukiwa kwenye matope ya pwani miezi kadhaa mpaka yaoze, hufukuliwa yakinuka, hupondwa, na usumba wake husokotwa kwa mikono. Kwa kamba hiyo mababu walishona mtepe, chombo kisicho na msumari hata mmoja, wakakipakia mizigo na kukitweka baharini. Mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa bahari hii, karne ya kwanza, aliutaja mji wa pwani yetu uitwao Rhapta, na jina hilo lilitokana na vyombo vilivyoshonwa. Mji mzima ulipewa jina kwa kazi ya kamba! Niambieni mkurugenzi gani amepata heshima hiyo. Wengi hata chumba cha mikutano hawajapewa.

Upande wa baba ni wa mkonge, ukoo wa ugenini lakini wenye subira. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe na kwingineko, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 za singa kwa mwaka. Ofisi yetu ilianza na watu wengi kuliko miche ile, na mpaka leo tunabishana nani akae na ufunguo wa stoo.

Melini kamba ina vyeo kuliko serikali. Henza hupandisha tanga, demani hulishika lisichukuliwe na upepo, amari hushikilia nanga. Haya niliyajua kwa shida, kwa sababu nilikuwa katika kamati.

Kamati ilikuwa ya watu saba na kundi moja la WhatsApp. Tulipewa kazi ya kuandaa mkutano wa mwaka Bagamoyo, siku mbili, wafanyakazi 120, tena tukaambiwa uwe na “mada yenye ubunifu”. Wiki tatu zikaliwa na mada. Mmoja alitaka Safari ya Anga, na wote tuvae kofia za karatasi ya kuokea. Mwingine alileta Serengeti ya Mafanikio, kila idara iwe mnyama. Hiyo ilikufa kikaoni: Fedha na Mauzo wote walitaka simba, na hakuna idara iliyokubali kuwa nyumbu. Mwisho tukaafikiana juu ya bahari. Mkutano ukaitwa Tweka Tanga. Fedha wakawa jahazi, Mauzo ngalawa, Rasilimali Watu mashua. Tehama wakapewa mtumbwi, wakalalamika kwa barua pepe rasmi. Mkurugenzi akawa nahodha, naibu wake serahangi. Meza ya wali iliitwa Kilwa, ya samaki Lamu, na haluwa ikakaa Maskati. Fulana zilikuja usiku wa kuamkia safari, 120 kamili, zimechapwa kwa herufi kubwa kifuani: TWEKA TANGI. Tukazivaa hivyo hivyo.

Katika bajeti tuliandika mstari mmoja: “Kamba – 1 – 85,000.” Ulirudi umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mkono wa mkubwa umeandika: “Kamba mmoja elfu themanini na tano? Wekeni changu.”

Hakuna aliyethubutu kupanda ghorofani kumweleza. Changu akanunuliwa. Ndiyo maana meza ya Lamu ilijaa kuliko bandari yoyote, na ndiyo maana siku ya pili, saa kumi jioni, tulikuwa ufukweni na ratiba iliyosema “Michezo ya Mshikamano: Kuvuta Amari” bila kuwa na cha kuvuta.

Asubuhi yake ilikuwa imekwenda kama zinavyokwenda. Tulijenga mnara wa tambi kavu na utepe, ukaanguka. Tulifanya msako wa hazina kwa mafumbo, lakini sanduku la hazina (shajara na kalamu zenye nembo) lilikuwa limeshafukuliwa na watoto wa wavuvi waliotuona tukilizika alfajiri, tena walitusalimia. Kisha mwezeshaji akataka kila mtu ajiangushe kinyumenyume, wenzake wamdake, ili tujenge imani. Mhasibu wetu mkuu alisimama, akageuka, akauliza wadakaji ni nani na nani kwa majina, na kama kuna mahali wamesaini. Akarudi kukaa. Mpaka leo naona ndiye pekee aliyejibu swali la imani kwa ukweli.

Basi ufukweni pale, dereva wa pikapu, mzee wa makamo asiye na chombo wala cheo katika bahari yetu yote, akaenda kwenye gari akarudi na kamba yake ya kufungia turubai. Ilikuwa ya mkonge, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, ina doa la dizeli na vumbi la saruji lililokwisha kuwa sehemu yake. Haikuwa na risiti ya EFD. Tukafunga kitambaa chekundu katikati. Maji yalikuwa yamekupwa na mchanga ulikuwa mgumu.

Mkurugenzi alipoiona alifurahi, akatoa agizo: wote 120 tuishike mara moja, picha ipigwe kutoka juu kwa droni, itapendeza kwenye ripoti ya mwaka. Mzee akaizungusha kamba mkononi na kusema taratibu, “Bosi, hii ni ya kufunga turubai. Si ya kufunga watu.” Mkurugenzi alinuna, lakini aliyemwepusha na msiba ni huyo. Taipei mwaka 1997 watu 1,600 waliivuta kamba moja ya nailoni, ikakatika, na wanaume wawili waling’olewa mikono. Kamba haina hila, ila ina hasira, na haipendi kufanywa pambo. Nasema hili bila mzaha: msiizungushe kiganjani wala kiunoni, na msiipe umati.

Ikawa wanane kwa wanane, kama ilivyo sheria ya mchezo wenyewe. Jahazi la Fedha, ambamo mimi ni karani, dhidi ya mtumbwi wa Tehama. Wao walifika sita, kwa sababu wawili walikuwa ukumbini wakiihangaikia projekta. Tukawacheka, tena tukakataa kupunguza watu.

Nilikuwa wa pili kutoka mbele. Filimbi ilipolia nikahisi kwanza viganjani: singa zilizochomoza zilichoma kama vimiba. Kisha nikahisi mgongoni. Mbele yangu kamba ilikuwa ngumu kama fimbo, inatetemeka. Nyuma yangu haikuwa na uzito. Niligeuza shingo kidogo nikamwona kaimu meneja wetu amekunja uso, meno nje, mishipa ya shingo imesimama, na kamba kati ya mikono yake miwili imelegea, imefanya kitumbo. Kuna uso wa kuvuta na kuna mkono wa kuvuta. Kazini tumezoea kupimwa kwa uso.

Jambo hili lina mwenyewe. Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, aliwapima watu wakivuta kamba katika miaka ya 1880 na kuchapisha matokeo mwaka 1913. Aliona kuwa kadiri wavutaji wanavyoongezeka, kila mmoja hutoa kidogo zaidi, hata wanane wakiwa pamoja walitoa karibu nusu tu ya nguvu ambayo ungepata kwa kumpima kila mmoja peke yake na kujumlisha. Wanasaikolojia wanaiita athari ya Ringelmann. Sisi tunaiita kikao. Sababu zake zinatajwa mbili: watu hawavuti kwa wakati mmoja, na watu hutegeana. Kwa hilo la pili Kiswahili hakihitaji mtaalamu. Nani hajategea?

Dawa ya lile la kwanza ilitoka kwa Tehama. Walikuwa wameshindwa kuelewana hata nani asimame wapi, basi wakamwomba mzee awaitie. Akasimama kando, viatu mkononi, akaanza: “Haraaaam—” wakajikaza, “—bee!” wakarudi nyuma hatua moja. Tena. Tena. Neno hilo, kabla Jomo Kenyatta hajalifanya wito wa taifa la Kenya, lilikuwa sauti ya wachukuzi na wavutaji mizigo wa pwani. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuwafanya watu wengi wavute kwa pumzi moja. Sita wale wakawa kitu kimoja. Sisi wanane tulikuwa na mipango minane. Kitambaa chekundu kikatuacha, mtu wa mbele yangu akapiga magoti, na mtumbwi ukalivuta jahazi mara mbili mfululizo mbele ya nahodha wake.

Mhasibu mkuu akakata rufaa: wapinzani walikuwa peku, kwa hiyo walikuwa na faida mchangani. Nilimheshimu, maana rufaa ya viatu ina historia. Kamba ilikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920, na London mwaka 1908 Wamarekani walivutwa mara moja na polisi wa Liverpool, wakalalamikia uzito wa buti zao, wakajitoa. Dhahabu ilikwenda kwa polisi wa City of London, Liverpool wakawa wa pili, na wa tatu polisi wengine wa London. Medali zote tatu kwa watu waliotoka lindo! Katika mchezo gani mwingine mwajiriwa, pamoja na mshahara wake na bosi wake, amepanda jukwaa lote peke yake? Nasi hapa nyumbani hatujaiacha. Kwenye michezo ya SHIMIWI wizara na idara za serikali bado zinavutana, na wapo makatibu muhtasari ambao nisingependa kukutana nao upande wa pili.

Sasa nijibu mashtaka, maana anayesifiwa lazima awe na wabaya wake. Vijana wa mjini wakitaka kusema uongo wanasema kamba: acha kamba, ametupiga kamba. Ni dhuluma. Katika siku zile mbili tulisikia kwamba sisi ni familia, kwamba mlango wa mkurugenzi uko wazi, kwamba hakuna wazo dogo. Kamba peke yake haikusema kitu kisichokuwepo. Wengine wanaishtaki kwa mbuzi anayekula kwa urefu wa kamba yake, eti ndiyo mlezi wa ufisadi. Lakini kamba ndiyo iliyomwekea mbuzi mpaka. Aliyeirefusha ni mchungaji, na yeye hatajwi kwenye methali.

Tena angalieni inavyodai kidogo. Haitaki chaji. Haitaki mwezeshaji wa kulala hotelini siku mbili kabla. Haijazi fomu ya tathmini. Inaumiza viganja sawa kwa wenye shahada na wasio nazo, na kesho yake ofisini watu wanaoneshana malengelenge kama waliotoka vitani pamoja, watu ambao mwaka mzima walikuwa wakiandikiana barua pepe na kumnakili mkubwa.

Picha iliyopigwa jahazi la Fedha likivuta imetundikwa mapokezi, ndani ya fremu. Ukija ofisini kwetu, usiangalie nyuso. Shuka na kamba kuanzia kwenye kitambaa chekundu, mtu wa kwanza, wa pili, mpaka ukute penye kitumbo. Kaimu meneja alithibitishwa cheo mwezi uliofuata. Mzee aliirudisha kamba yake kwenye pikapu jioni ile ile, na Jumatatu nikaiona imefunga magodoro.

Kamati ya mwaka huu imeshateuliwa, nasikia mada ni Mwezini. Sina neno. Ninawaomba jambo moja tu, kwenye bajeti msiandike “kamba” peke yake. Andikeni “kamba ya mkonge, mita 35”, na hiyo “ya” iandikwe kwa herufi nene.