Hodi kwa printa

Ofisini kwetu Mpanda nilifanywa fundi wa kompyuta kwa kosa moja tu: nilionekana nikirekebisha saa kwenye simu ya bosi. Tangu siku hiyo kila chenye waya kikawa changu, kuanzia ruta hadi birika la chai.

Printa ndiyo iliyonitoa jasho. Miaka ile gridi ya taifa ilikuwa haijafika Katavi. Umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, nao ulikatika bila kuaga. Ukirudi, unakuta printa imehama. Si kwamba imetoka mezani, la, imehama anwani. Ruta hugawa anwani kwa kuazima. Jana printa ilikuwa 192.168.1.104, leo simu ya mlinzi imewahi kuamka na kuichukua, printa imesukumwa hadi 107. Kompyuta zetu, zisizo na habari, zinaendelea kumpelekea mlinzi barua za bosi.

Wazee wa hapa husimulia kwamba mzimu Katabi, ambaye mbuga yetu ina jina lake, hukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu wamepeleka sadaka pale miaka na miaka, na sijasikia aliyefika akaambiwa mzimu kahamia mti wa 107.

Basi nikaamua printa nayo ipate mkwaju wake. Anwani niliichagua mwenyewe: 192.168.1.100, namba ya mviringo, rahisi kukumbuka. Kuiandika ilikuwa kubonyeza mshale mmoja kutoka 0 hadi 192. Nikapitiliza hadi 193. Mshale wa kushuka ulikuwa umekufa zamani, kwa hiyo nikazunguka hadi 255 na kuanza upya.

Nikaenda kwenye kompyuta kuipigia hodi ile anwani. Ikajibu! Nikatangaza ushindi. Bosi akachapa. Kimya. Nikapiga hodi tena, ikajibu. Akachapa tena. Kimya. Nikaichomoa printa kwenye umeme, nikapiga hodi kwa mazoea tu.

Ikajibu.

Nikachomoa na waya wa mtandao. Ikajibu, tena upesi kuliko mwanzo. Nywele zikanisimama, nikaanza kuuwaza ule mkwaju kwa heshima mpya.

“Mwanangu, umekunywa chai kweli leo?” mama mhasibu akaniuliza, akachukua mkoba wake akaenda kununua maandazi. Majibu yakakatika. Aliporudi, hata hajaketi, yakaanza tena.

“Shikamoo, mama,” nikamwambia, ingawa tulishaamkiana asubuhi. “Naomba simu yako.”

Simu yake ndiyo ilikuwa 100. Ruta ilikuwa ikiazimisha anwani kuanzia 100 hadi 199, nami nimekwenda kumwingiza mpangaji kwenye chumba chenye mtu. Nikaihamishia printa 192.168.1.20, nje kabisa ya eneo hilo, nikazielekeza kompyuta zote huko, mlango 9100, na anwani nikaibandika kwa karatasi ubavuni mwa printa.

Ikakohoa. Kisha kila kilichokuwa kimelala kwenye foleni kikaanza kutoka: barua ileile ya bosi mara tisa, mwaliko wa kikao cha Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, halafu ombi la likizo la dereva.

Dereva ndiye aliyekuja kulichukua. Alikuwa amerudi likizo juzi yake.